Maji Yakijaa Hupwa: Historia ya Fukwe na Hifadhi ya Mlango wa Rusizi

Kila mwalimu wa Kiswahili anayefundisha mbali na bahari hukutana, mapema au baadaye, na tatizo la neno pwani. Kamusi zinatuambia kwamba pwani ni ukingo wa bahari. Mwanafunzi wa Cibitoke, mtaa wa kaskazini mwa jiji la Bujumbura, hajaona bahari, na pengine wazazi wake pia hawakuiona. Alichokiona ni ziwa Tanganyika, ambalo huenda kulitazama siku za Jumapili pamoja na rafiki zake, wengine kwa miguu, wengine wakiwa wamepakiwa nyuma ya baiskeli. Huko hukuta mchanga mweupe, mawimbi, mitumbwi ya wavuvi na upepo wa alasiri. Akiuliza kama mahali pale panafaa kuitwa pwani, tumjibuje?

Jibu la haraka ni kumwambia aseme ufukwe au ukingo wa ziwa, na somo likaendelea. Lakini swali lake lina kina kuliko linavyoonekana. Neno pwani limetokana na kitenzi kupwa, yaani maji kupungua na kuiacha nchi wazi. Pwani, kwa asili yake, ni mahali ambapo maji yamepwa. Neno lenyewe limebeba onyo: ardhi hii ilikuwa chini ya maji, na maji yatairudia. Mkazi wa Lamu au wa Bagamoyo hana haja ya kuambiwa hivyo, kwa kuwa bahari humkumbusha mara mbili kila siku. Ziwa Tanganyika halina kujaa na kupwa kwa namna hiyo ambako jicho la mtu linaweza kukuona. Je, hii ina maana kwamba halipwi wala halijai?

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba ziwa letu nalo hupwa na kujaa, ila mzunguko wake hauhesabiwi kwa saa, bali kwa miaka na vizazi. Historia ya fukwe za Bujumbura na ya hifadhi ya wanyama iliyopo kwenye mlango wa mto Rusizi haiwezi kueleweka bila kulishika jambo hili. Tena, kulisahau kumewagharimu watu nyumba zao.

I. Nchi iliyojengwa na mto

Kwanza tuitazame nchi yenyewe. Mto Rusizi hutoka ziwa Kivu, lililo juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,460 hivi, ukateremka kwa mwendo wa kilomita zipatazo 117 hadi ziwa Tanganyika, lililo chini zaidi kwa karibu mita 690. Mto unaoteremka kiasi hicho hauwezi kwenda mikono mitupu. Hubeba udongo na mchanga wa milima ya Rwanda, Kongo na Burundi, na unapofika katika bonde la Imbo, ambapo nchi ni tambarare, nguvu zake hupungua na mzigo wake hutuliwa. Karibu na ziwa mto hugawanyika kuwa matawi mawili makubwa, Rusizi Kubwa na Rusizi Ndogo, na katikati ya matawi hayo kukawa na nchi ya chini yenye matete, vidimbwi, visiwa vya tope na ndimi za mchanga.

Ndimi hizo ndizo zinazostahili kuangaliwa na mwanahistoria. Mto huleta mchanga, mawimbi huusukuma kando, na baada ya muda huinuka ukuta mwembamba wa mchanga kati ya ziwa lenye mawimbi na maji matulivu yaliyo nyuma yake. Wasomaji wa pwani ya Kenya watakumbuka Kiwayu, kile kisiwa kirefu na chembamba kaskazini mwa Lamu, kilichomo ndani ya hifadhi ya bahari ya Kiunga iliyotangazwa mwaka 1979. Kiwayu huikinga nchi iliyo nyuma yake dhidi ya bahari kuu. Ndimi za mchanga za Rusizi, kwa kadiri yake, huyakinga matete dhidi ya ziwa. Tofauti ni kwamba hizi zetu hazidumu. Mto ukifurika huzikata, ziwa likipanda huzifunika, na likishuka huzifanya upya mahali pengine. Ramani ya mlango wa Rusizi iliyochorwa na babu haimfai mjukuu.

II. Swali la wageni na jibu la wenyeji

Wageni wa Ulaya walifika ziwani mwaka 1858. Richard Burton na John Speke, wakiongozwa na kuhudumiwa na watu wa pwani na wa bara, miongoni mwao Sidi Mubarak Bombay, walifika Ujiji mwezi Februari mwaka huo. Jambo lililowashughulisha mno lilikuwa mto Rusizi: je, unaingia ziwani au unatoka? Kama unatoka kuelekea kaskazini, basi huenda ndio chanzo cha mto Nile kilichotafutwa tangu zama za kale. Mwezi Aprili walifika Uvira kwa mitumbwi, lakini mlangoni penyewe hawakufika. Wenyeji wa Uvira waliwaambia waziwazi kwamba Rusizi unaingia ziwani.

Maneno hayo yalikuwa ya kweli, lakini hayakutosha kuumaliza mjadala. Huko Uingereza Burton na Speke waligombana kuhusu chanzo cha Nile, na Burton mwenyewe akarudi kuutetea uwezekano kwamba Rusizi unatoka ziwani. Ilikuwa mpaka mwezi Novemba mwaka 1871, miaka 13 baadaye, ndipo David Livingstone na Henry Stanley walipokwenda kwa mtumbwi kutoka Ujiji hadi ncha ya kaskazini ya ziwa. Huko Uzige walipokewa na mtawala Mukamba, na nduguye Ruhinga akawaeleza habari za Rusizi tangu unakotoka, katika ziwa Kivu, pamoja na mito inayoingia ndani yake. Kisha wakaenda kujionea. Stanley ameandika jinsi walivyokuta ncha ya ziwa imegawanyika kuwa ghuba, zikitengwa na ndimi za mchanga zilizoota matete, na jinsi mdomo wa mto ulivyofichwa na matete hayo hata usionekane kwa mbali. Walipouingia, mkondo uliwajia usoni. Mto ulikuwa unaingia ziwani, kama wenyeji walivyosema.

Hadi leo, pale Mugere, kusini mwa Bujumbura, lipo jiwe linalokumbusha safari ya wasafiri hao wawili mwezi Novemba 1871. Ni haki jiwe hilo lihifadhiwe. Lakini hakuna jiwe linalomkumbusha Ruhinga, wala wale watu wa Uvira wa mwaka 1858. Kwa miaka 13 ujuzi wa wenye nchi ulihesabiwa kuwa uvumi mpaka mgeni alipouthibitisha. Nataja jambo hili si kwa kulaumu waliokwisha kufa, bali kwa sababu tutalikuta tena mbele katika habari hizi, na safari hiyo hatutakuwa na mgeni wa kumlaumu.

III. Miti mitatu ya soko la Ujiji

Stanley aliporudi Ujiji mwaka 1876 aliona ajabu. Miti mitatu ya jamii ya minazi na michikichi, aliyoiacha mwaka 1871 ikiwa imesimama nchi kavu katika soko la Ujiji, sasa ilikuwa imesimama ndani ya ziwa, umbali wa futi zipatazo 100 kutoka ukingoni. Ufukwe ambao yeye na Livingstone walikuwa wakitembea ulikuwa umemezwa na maji. Kwa muda wa miaka mitano tu, pwani ya Ujiji ilikuwa imehama.

Sababu ya ajabu hiyo ni umbile la ziwa lenyewe. Tanganyika ni ziwa kubwa mno: lina urefu wa kilomita 670 hivi, kina kinachofikia mita 1,470, na eneo la karibu kilomita za mraba 32,900. Hata hivyo lina njia moja tu ya kutolea maji, nayo ni mto Lukuga, upande wa Kongo, karibu na mji wa Kalemie. Maji mengi ya ziwa hayatoki kwa njia hiyo, bali hupaa kwa joto la jua. Kwa hiyo, mvua zikizidi kwa miaka kadhaa mfululizo, ziwa hupanda; zikipungua, hushuka. Zaidi ya hayo, Lukuga wenyewe huweza kuzibwa na tope na majani. Verney Cameron alipoufikia mwaka 1874, na Stanley alipoufikia mwaka 1876, mto huo ulikuwa umesongwa hivyo. Maji yakaendelea kujikusanya mpaka mwaka 1878, yalipofikia kilele na kuubomoa ukuta uliokuwa umeyazuia. Edward Hore, aliyefika mwaka 1879, aliukuta Lukuga ukienda kwa nguvu kuelekea mto Kongo.

Tangu hapo ziwa likaanza kupwa. Hadi kufikia mwaka 1894 lilikuwa limeshuka kwa karibu mita 10. Kwenye pwani ya mawe, mita 10 si kitu cha kuibadili nchi. Lakini kwenye nchi tambarare kama ile ya kaskazini ya ziwa, ambapo mtu huweza kutembea mwendo mrefu bila kupanda hata kimo chake, mita 10 ni sehemu kubwa ya bonde. Ndimi za mchanga alizoziona Stanley mwaka 1871 zilizama, kisha maji yaliporudi nyuma ikatokea nchi mpya, pana, nyororo, isiyo na mwenyewe.

IV. Mji uliozaliwa wakati wa kupwa

Ni katika hali hiyo mji wetu ulipozaliwa. Wafanyabiashara wa Ujiji walikuwa wamekwisha kuzijua pwani za Uzige. Muhammad bin Khalfan, aliyejulikana zaidi kwa jina la Rumaliza, alijaribu kuipenya nchi hii kwa silaha, lakini katika zama za Mwami Mwezi Gisabo Warundi walimzuia. Mwaka 1897 Wajerumani waliweka kituo cha kijeshi mahali palipoitwa Usumbura. Pamoja na askari na wapagazi wao kilikuja Kiswahili, ambacho serikali ya Kijerumani ilikitumia katika shughuli zake za Afrika Mashariki. Mwaka 1916 Wabelgiji waliiteka nchi, na Usumbura ikawa makao makuu ya Ruanda-Urundi. Tarehe 1 Julai 1962 Burundi ilipata uhuru, na mji ukaitwa Bujumbura. Leo makao makuu ya kisiasa ni Gitega, na Bujumbura imebaki kuwa jiji la biashara na bandari.

Wanahistoria wameandika sana juu ya watawala walioanzisha mji huu. Ni wachache waliotazama tarehe yake pamoja na tarehe za ziwa. Ziwa lilikuwa juu kabisa mwaka 1878. Lilikuwa limeshuka mno mwaka 1894. Mji ukaanzishwa mwaka 1897. Waliochagua mahali hapa waliyaona maji yakiwa mbali, wakadhani hapo ndipo mahali pake. Mji wa Bujumbura ulizaliwa wakati wa kupwa, na wakazi wake waliofuata walirithi ramani ya wakati wa kupwa.

Mji ulipokua ulijaza uwanda. Buyenzi ikawa mtaa mashuhuri wa Waswahili. Upande wa kaskazini ikapanuka mitaa ya Ngagara, Kamenge, Kinama, Buterere na Cibitoke. Isichanganywe Cibitoke hii na mji wa Cibitoke ulio juu zaidi katika bonde la Rusizi, kaskazini-magharibi mwa nchi. Jina lenyewe humfanya msemaji wa Kirundi afikirie ibitoke, yaani ndizi, na ndizi husitawi penye udongo wenye rutuba ulioletwa na maji. Hali kadhalika mto Gasenyi, unaoshuka kutoka milimani kuelekea mitaa ya kaskazini, jina lake linasikika kuwa na neno umusenyi, ambalo kwa Kirundi ni mchanga. Basi majina yalikuwa yametangulia kusema yale ambayo ramani haikuyasema: hapa ni nchi ya tope na mchanga, iliyoletwa na maji na inayopitiwa na maji.

V. Ukumbusho wa mwaka 1964

Ukumbusho wa kwanza ulikuja mara baada ya uhuru. Kuanzia mwaka 1961 mvua kubwa ziliinyeshea Afrika Mashariki. Ziwa Victoria lilipanda kwa zaidi ya mita mbili, na Tanganyika nalo likapanda hadi kufikia kilele chake mwezi Mei 1964, likiwa juu ya usawa wa bahari kwa mita 777 hivi, yaani karibu mita tatu juu ya usawa ambao watu walikuwa wameuzoea. Nchi za chini za kando ya ziwa zikafunikwa, na mlango wa Rusizi ukarudi kuwa maji na matete.

Baadaye ziwa likashuka tena polepole. Fukwe zikarudi, nzuri kuliko zamani. Magharibi mwa jiji, kwenye barabara ya kwenda Gatumba na Uvira, mchanga wa Saga ukawa mahali pa mapumziko panapojulikana na kila mkazi wa Bujumbura. Familia, vijana wa shule, wacheza mpira, maharusi wanaotaka kupigwa picha, wote huelekea huko. Ng'ambo ya maji huonekana milima ya Kongo, na jua likizama nyuma yake hata mtu mwenye haraka husimama. Uzuri huu si wa kudharauliwa. Lakini uzuri huo ndio uliowafanya watu wasahau. Kizazi kilichoona mwaka 1964 kikazeeka, na kizazi kilichofuata kikaona mchanga uliotulia, kikauita kiwanja.

VI. Hifadhi ya Rusizi

Hata hivyo si kila mtu alisahau. Mwaka 1980 serikali ya Burundi ilitoa amri ya kuanzisha mbuga za taifa na hifadhi za mali ya asili, na mwaka huohuo ikaundwa taasisi ya kuzisimamia. Rusizi ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizohifadhiwa. Ina sehemu mbili zilizo mbalimbali. Ya kwanza ni msitu wa mikoma katika bonde, miti ambayo haionekani kwa wingi namna hiyo mahali pengine nchini. Ya pili ni delta yenyewe, karibu kabisa na jiji, yenye matete, maji tulivu na ndimi za mchanga.

Katika delta hukaa viboko na mamba. Humo mna pongo, na nzohe, yule swala wa majini mwenye kwato ndefu zinazomwezesha kutembea juu ya tope bila kuzama. Mna mamia ya aina za ndege, wengine wenyeji, wengine wasafiri wanaokimbia baridi ya Ulaya na Asia. Wanyama wakubwa waliokuwa wakizunguka bonde hili zamani, kama vile tembo, hawapo tena. Mamba mmoja wa Rusizi amejulikana duniani kote. Patrice Faye, Mfaransa aliyekuwa akiishi Burundi, ndiye aliyempa jina la Gustave, na jaribio la kumkamata lilitolewa katika filamu mwaka 2004. Hakuna aliyewahi kumpima, na idadi ya watu wanaosemekana waliuawa naye imechanganyika na hadithi. Lakini hofu ya wavuvi na ya akina mama wanaochota maji haikuwa hadithi. Hifadhi iliyo mlangoni mwa jiji si bustani ya maua. Mwenye kuisifu asiusahau upande huo.

Maisha ya hifadhi yamekuwa magumu. Vita vilivyoanza mwaka 1993 viliwahamisha watu, vikaleta njaa na haja ya kuni, majani na mashamba. Cheo na mipaka ya Rusizi vimebadilishwa zaidi ya mara moja. Kwa upande mwingine, mwaka 2002 Burundi ilipojiunga na mkataba wa kimataifa wa Ramsar kuhusu ardhi zenye majimaji, ilikuwa delta ya Rusizi iliyoandikwa ya kwanza katika orodha kwa niaba ya nchi hii. Eneo la Rusizi linalohifadhiwa hupindukia hekta 10,000.

Faida ya eneo hilo ni nini kwa mkazi wa Cibitoke ambaye hana nafasi ya kwenda kutazama ndege? Jibu lipo katika historia tuliyoisimulia. Matete hupunguza nguvu za mafuriko, hukamata tope lisiende kuchafua ziwa, na huwapa samaki mahali pa kuzalia. Ndimi za mchanga hupokea pigo la mawimbi. Zaidi ya yote, hifadhi ni sehemu ya pwani iliyoachiwa kupwa na kujaa bila kumdhuru mtu. Ziwa linapopanda penye matete, kiboko husogea. Linapopanda penye nyumba, mtoto hukosa pa kulala.

VII. Maji yanarudi

Mwaka 2012 Burundi ilitunga sheria ya maji, ambayo iliweka ukanda wa mita 150 kutoka ukingo wa ziwa Tanganyika uwe wa kulindwa. Wengi waliiona sheria hiyo kuwa ngeni na nzito. Kwa kweli haikuwa ngeni hata kidogo. Iliandika kwa tarakimu yale ambayo neno pwani liliyasema tangu kale.

Usiku wa tarehe 9 Februari 2014 mvua kubwa iliishukia mitaa ya kaskazini ya Bujumbura. Maji na tope vilitoka milimani kwa njia ya Gasenyi na makorongo mengine, na zaidi ya watu 60 walipoteza maisha. Maji hayo hayakutoka ziwani. Yalikuwa yanakwenda ziwani. Hapo wakazi wa kaskazini walijifunza kwamba mtu anaweza kuwa mbali na ufukwe na bado akawa katika njia ya maji. Mlima uliovuliwa miti hutoa tope. Tope huinua kitanda cha mto. Mto hutafuta njia mpya. Na mchanga unaochimbwa mitoni kwa ajili ya ujenzi ni uleule ambao ungeshuka hadi ziwani kujenga ndimi zinazotukinga. Nyumba zetu nyingi zimejengwa kwa mchanga uliokuwa safarini kwenda pwani.

Kisha ziwa lenyewe likaanza kupanda. Mwezi Aprili 2020 mto Rusizi ulivunja kingo zake na kuifurika Gatumba. Maelfu ya watu wakaacha nyumba zao, wengi wao wakaishi kambini. Mwaka 2021 maji yalipanda tena, na mwaka 2024 ziwa likafikia usawa ambao haukuonekana tangu kile kilele cha 1964. Barabara ya Gatumba ikapitwa na maji, fukwe za Saga zikamezwa, majengo ya kando ya ziwa yakasimama majini kama ile miti mitatu ya soko la Ujiji, na viboko wakaonekana pale ambapo watu walikuwa wakila na kunywa. Serikali iliomba msaada wa kimataifa mwezi Aprili mwaka huo.

Wataalamu hutaja mabadiliko ya hali ya hewa, na wana haki. Mvua za siku hizi hazina adabu ya zamani. Lakini mwanahistoria hana budi kuongeza kwamba ziwa halikufanya jambo jipya. Lilirudi mahali lilipokuwa mwaka 1964, na halikufika mbali kama lilivyofika mwaka 1878. Waliojenga karibu na maji hawakuwa wapumbavu. Wengi wao walikuwa maskini waliopata kiwanja walichoweza kukipata, na wengine walikuwa matajiri waliopata kiwanja walichokitamani. Wote walikosa mtu wa kuwaambia kwamba ardhi hiyo ilikuwa ya kuazima. Na hapa yale ya mwaka 1858 yanajirudia: ujuzi ulikuwepo, katika vichwa vya wazee, katika majina ya mito, hata katika maneno ya lugha tunayoifundisha, lakini haukuhesabiwa kuwa ujuzi.

VIII. Wajibu wa mwalimu

Wahenga walisema: maji yakijaa hupwa. Kwa kawaida methali hii hutumiwa kumfariji mwenye shida au kumpunguza mwenye majivuno. Wakazi wa Gatumba na Kajaga wanaweza kuipokea kwa maana ya kwanza: maji haya nayo yatarudi nyuma, na mchanga utaonekana tena. Lakini siku hiyo itakapofika ndipo methali itakapohitaji kusomwa kutoka upande wa pili, kwamba yaliyopwa hujaa. Ufukwe utakapokuwa mpana na mweupe, na viwanja vitakapoanza kupimwa, ndipo tutakapojua kama tumejifunza.

Tangu Burundi ilipoingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai 2007, Kiswahili kimepata nafasi mpya madarasani. Walimu wenzangu, nafasi hiyo tusiitumie kwa ngeli na insha peke yake. Tuwatume wanafunzi wetu kwa wazee wakaulize maji yalifika wapi mwaka 1964, nyumba ya nani ilizama, mto ulipita wapi kabla haujahama. Wayaandike majibu kwa Kiswahili na kwa Kirundi, pamoja na jina la mahali na mwaka. Kazi hiyo haihitaji fedha, na wazee walioshuhudia wanapungua kila mwaka. Daftari moja la namna hiyo katika kila shule ya Cibitoke, Buterere na Gatumba litakuwa na thamani kuliko jiwe la Mugere, kwa kuwa litakuwa limeandikwa na wenye nchi.

Na mwanafunzi yule akiuliza tena kama ukingo wa ziwa unafaa kuitwa pwani, tumjibu bila kusita kwamba unafaa. Tumweleze kwamba kule baharini maji hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na hapa kwetu huenda yakafanya hivyo mara moja katika maisha ya mtu. Kisha tumpeleke hadi ukingo wa mchanga, tumgeuze uso kuelekea Cibitoke, na tumwambie ahesabu hatua.